Kakiage: namna ya kukaanga bajia za mboga za Kijapani zikauke kau

Mtu aliyekulia Kisumu au Nakuru anaifahamu vyema bajia ya viazi, ile inayovishwa rojo zito la unga wa dengu lenye manjano, chumvi na dania, na kwa sababu hiyo anapoiona kakiage kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ni bajia ile ile iliyopewa jina jingine. Kufanana kwao ni kwa nje tu. Katika bajia, rojo ni sehemu kubwa ya chakula chenyewe, lina viungo vyake na utamu wake, na mpishi hulipiga kwa nguvu mpaka liwe laini. Kakiage ni mboga zilizokatwa njiti nyembamba na kushikanishwa na rojo jepesi, baridi, lisilo na viungo, ambalo kiasi chake ni kidogo sana hivi kwamba ukiishika bajia moja mbele ya mwanga utaona nafasi kati ya njiti za karoti na za viazi vitamu. Rojo lake ni gundi, wala si koti. Anayeila anapaswa kuonja kwanza kitunguu na karoti, kisha ndipo ahisi unga ukivunjika kwa mlio chini ya meno.

Kakiage ni ya ukoo wa tempura, upishi ambao Wajapani waliupata katika karne ya 16 kutoka kwa Wareno, waliofika nchini mwao kwa mara ya kwanza mwaka 1543. Ni Wareno hao hao waliokuja kuanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593, jambo ambalo hunifurahisha kila ninapolikumbuka nikiwa mbele ya karai. Katika enzi ya Edo, kati ya mwaka 1603 na 1868, tempura iliuzwa kwenye vibanda vya barabarani katika mji wa Edo, ambao leo unaitwa Tokyo, ikachomwa vijiti na kuliwa pale pale kwa kusimama. Kakiage ndiyo iliyokuwa rahisi zaidi kwa jiko la nyumbani, kwa kuwa haidai kamba wakubwa wala samaki wa bei. Nusu kitunguu, kipande cha karoti na mkia wa kiazi kitamu vinatosha kuianzisha.

Viungo vyake vyote vinapatikana katika masoko yetu, kuanzia Kibuye na Jubilee mjini Kisumu hadi soko la Wakulima mjini Nakuru. Linalowashinda wengi si viungo, bali ni maji. Mboga ina maji ndani, rojo lina maji, mvuke ni maji yanayotoroka, na bajia iliyolegea ni ile ambayo maji yake yalikosa njia ya kutoka au yalirudi baada ya kutoka. Kila hatua nitakayoieleza hapa, tangu namna ya kushika kisu hadi namna ya kuipanga bajia juu ya wavu, inahusu kuyadhibiti maji hayo.

Mboga na kisu

Kwa watu 4 watakaokula bajia 2 kila mmoja, chukua kitunguu maji kikubwa 1 cha gramu 150 hivi, karoti 1 ya wastani ya gramu 100, kiazi kitamu cha gramu 150, na gramu 50 za mishiri au pilipili hoho. Ongeza dania, nusu ya fungu dogo, ichukue nafasi ya majani ya mitsuba ambayo Wajapani huyatumia. Kitunguu na kiazi kitamu ndivyo nguzo, na singeshauri kuviacha: kitunguu hutoa utamu kinapokaangwa, na wanga wa kiazi kitamu husaidia njiti kushikana. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa hupendeza kwa macho, lakini vile vyeupe au vya rangi ya krimu, ambavyo vikichemshwa huwa vikavu na vya ungaunga, hukauka vizuri zaidi mafutani kwa sababu vina maji machache. Ukimweleza mama mboga kwamba unataka viazi vikavu, atakuelewa bila maelezo zaidi.

Kisu kiwe kikali. Kisu butu huponda mboga badala ya kuikata, na mboga iliyopondwa huanza kutoa maji kabla hujafika kwenye rojo. Kiazi kitamu kikate kwanza vipande bapa vya unene wa milimita 3, kisha uvipange vipande hivyo vikilaliana na uvikate tena kuwa njiti za urefu wa sentimita 5. Karoti ni ngumu kuliko kiazi, kwa hiyo njiti zake ziwe nyembamba zaidi, milimita 2 tu, ili vyote viive kwa wakati mmoja. Kitunguu kikate katikati kutoka mizizini hadi kileleni, halafu ukichane kwa kufuata mwelekeo huo huo, vipande vya milimita 5. Ukikikata kwa upana nyuzi zake hukatika, maji humwagika na vipande hulegea. Kitunguu kinene kidogo si kosa, maana sukari yake huungua upesi, na kile kilichochanwa kama cha kachumbari hugeuka cheusi kabla karoti haijaiva. Mishiri ikatwe kwa mshazari.

Njiti za kiazi kitamu ziloweke katika maji baridi kwa dakika 10 ili wanga wa juu uoshwe na zisibadilike rangi, kisha zichuje na kuzikausha. Hatua hii ya kukausha ndiyo ambayo wapishi wenye haraka huipuuza. Tandaza kitambaa safi mezani, mwaga njiti, funika kwa nusu nyingine ya kitambaa na ubonyeze kwa viganja mpaka uone alama za unyevu zimetoka, kisha uziache wazi kwa dakika chache. Karoti na mishiri zifanyie hivyo hivyo. Usizitie chumvi mboga hata kidogo katika hatua hii, kwa kuwa chumvi huvuta maji kutoka ndani, na bakuli ulilolikausha kwa bidii litakuwa limelowa baada ya dakika 5.

Si kila mboga inafaa. Nyanya hazifai kabisa, na mrenda vilevile. Kabichi inaweza kuingia kwa kiasi kidogo iwapo imekatwa nyembamba, lakini ikizidi bajia hulegea katikati. Sukuma wiki iliyochanwa nyembamba kabisa hukauka vizuri na kulia mdomoni, ila itie mwishoni na iwe kavu, kwa kuwa majani yake hushika matone ya maji kwenye mikunjo. Malenge yaliyokomaa ni mazuri mno na hufuata kipimo kile kile cha kiazi kitamu. Nduma na muhogo ningeviacha: nduma mbichi huwasha koo, muhogo mbichi una sumu yake, na dakika chache za mafutani hazitoshi kunifanya niwe na uhakika na chochote kati ya hivyo.

Mahindi mabichi yanastahili kutajwa peke yake. Nchini Japani, wakati wa joto, kakiage ya punje za mahindi na kitunguu ni chakula kinachopendwa sana, na sisi wa upande huu wa magharibi mwa Kenya, ambako mahindi mabichi hujaa kando ya kila barabara msimu wake unapofika, hatuna sababu ya kutoijaribu. Chagua mahindi machanga, yale ambayo ukiibonyeza punje kwa ukucha hutoa maziwa, uyakwangue kwa kisu karibu na gunzi, na uzikaushe punje kwa kitambaa. Punje nzima iliyo na maji juu yake inaweza kupasuka mafutani na kurusha mafuta, kwa hiyo ni lazima kila punje ipate vumbi la unga kabla ya kuingia katika rojo.

Wajapani pia huchanganya kakiage na kamba wadogo au samaki wachanga, na hapa ndipo omena wanapopata nafasi yao ya haki. Kwa wakavu, kiganja 1 kinatosha kwa kipimo nilichotaja. Vunja vichwa na utoe matumbo ili uchungu uondoke, waloweke katika maji ya moto kwa dakika 5, uwasuguesugue kwa vidole mpaka mchanga ukae chini ya bakuli, wasuuze tena, kisha uwakaushe kabisa. Ukipata wabichi kutoka ufukweni ni bora zaidi, ila kumbuka kwamba uvuvi wa omena hufungwa kwa kawaida kati ya Aprili na Julai ili wapate kuzaana.

Unga na rojo

Unga wa ngano una protini ambayo, ikikutana na maji na kukorogwa, huunda nyuzi za gluteni. Nyuzi hizo ndizo zinazoifanya chapati ikunjike bila kukatika, na ndizo hizo hizo zinazoiharibu kakiage, kwa kuwa rojo lenye gluteni nyingi hushika maji, huvimba kama andazi na kuwa gumu badala ya kuvunjika. Wajapani hutumia unga mwepesi wenye protini kidogo. Huku kwetu unga wa ngano wa kawaida una protini zaidi, hivyo tunaupunguza nguvu kwa kuuchanganya na wanga mtupu. Chukua gramu 80 za unga wa ngano mweupe wa matumizi yote, usiwe ule wa atta, na gramu 20 za wanga wa mahindi, ule mweupe laini mno unaouzwa katika vipaketi vidogo kwa jina la konfloa. Usiuchanganye na unga wa sima. Huo ni mahindi yaliyosagwa, una chembechembe, nao hutoa bajia yenye kukwaruza. Mahali pa konfloa unaweza kutumia unga wa mchele uliosagwa laini sana, na mimi huupendelea, kwa sababu bajia yake hukaa muda mrefu kidogo kabla ya kulegea.

Chekecha unga wote pamoja, toa vijiko 2 vya mezani uviweke kando kwa ajili ya kunyunyizia mboga, na uliobaki uuweke kwenye friji. Kwa upande wa majimaji, tia kiini cha yai 1 katika kikombe cha kupimia na uongeze maji baridi sana hadi kufikia mililita 150, kisha ukoroge hapo mpaka kiini kipotee, maana hili ndilo jambo pekee katika mapishi haya linaloruhusiwa kukorogwa vizuri. Baridi ina kazi mbili. Inachelewesha gluteni kuundwa, na inaongeza tofauti ya joto kati ya rojo na mafuta, hivyo maji yanapoguswa na mafuta hulipuka kuwa mvuke kwa ghafla na kuacha unga ukiwa na matundu madogo madogo. Vipande 3 au 4 vya barafu ndani ya maji husaidia, lakini vitoe kabla ya kupima. Nyumba isiyo na friji isikate tamaa: maji ya mtungi yaliyokaa usiku kucha mahali penye upepo huwa baridi ya kutosha, hasa Nakuru, ambako asubuhi hata maji ya bomba huwa ya kugandisha vidole. Kisumu mchana, ambapo maji ya bomba hutoka yakiwa vuguvugu, barafu ya dukani inastahili gharama yake.

Usichanganye unga na maji mpaka mafuta yawe karibu kupata moto. Wakati huo ukifika, mwaga unga wote wa frijini juu ya maji kwa mara moja, chukua vijiti viwili au uma, na ugongegonge rojo kutoka juu kwenda chini kwa sekunde 20 hivi bila kuzungusha. Utaona mabonge ya unga mkavu yakielea, na pembeni mwa bakuli utabaki ukanda wa unga ambao haujalowa. Acha hivyo hivyo. Mkono wa mpishi aliyezoea chapati na maandazi utatamani kuendelea mpaka rojo lilainike, na hapo ndipo unapotakiwa kujizuia, kwa kuwa mabonge hayo hayataonekana tena baada ya kukaanga, ilhali gluteni iliyokwisha kuundwa haina namna ya kuondolewa. Rojo linalofaa ni jepesi kuliko uji wa mtoto, nalo hutiririka kutoka kwenye kijiko bila kukatika.

Mafuta na moto

Sufuria nzito au karai la chuma hufaa zaidi, kwa kuwa chuma kizito hakipotezi joto unapoingiza mboga baridi. Kwa sufuria yenye upana wa sentimita 20, lita 1 ya mafuta hutoa kina cha sentimita 3, ambacho kinatosha. Tumia mafuta ya maji yasiyo na harufu, ya alizeti au ya mawese yaliyosafishwa. Yale ya kuganda hufanya kazi, lakini bajia ikipoa huacha utando wa mafuta mdomoni. Tempura ya mji wa Edo ilijulikana kwa mafuta ya ufuta, na kwa kuwa simsim hulimwa Busia na sehemu nyingine za magharibi, anayeyapata mafuta yake anaweza kuongeza sehemu 1 kwa kila sehemu 4 za mafuta ya kawaida apate harufu ya njugu inayokubaliana sana na kitunguu.

Kuhusu joto, maelekezo mengi hutaja nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi, lakini maelekezo hayo yaliandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemkia karibu nyuzi 94. Kisumu, iliyo kwenye mita 1,130 hivi, huchemkia karibu nyuzi 96. Mboga iliyo mafutani haiwezi kuwa na joto zaidi ya kiwango cha kuchemka kwa maji yaliyomo ndani yake, na hivyo hapa kwetu karoti huiva polepole zaidi kuliko kule Tokyo, ilhali unga wa nje, ambao umeshakauka, hubadilika rangi kwa kasi ile ile. Ukifuata nyuzi 180 ukiwa Nakuru utapata bajia iliyokoza rangi nje na karoti mbichi ndani. Punguza moto hadi nyuzi 165 Nakuru na 170 Kisumu, na uongeze muda kidogo.

Wengi wetu hatuna kipimajoto cha mafuta, na rojo lenyewe hutosha kuwa kipimo. Dondosha tone moja. Likizama hadi chini na kuibuka kwa uvivu, mafuta bado ni baridi, na bajia itayanywa. Likizama hadi katikati kisha likaibuka mara moja likizungukwa na viputo, hapo ndipo. Likitawanyika juu bila kuzama, moto umezidi, na unapaswa kuiondoa sufuria jikoni kwa dakika moja. Jiko la gesi hurahisisha mambo haya. Kwenye jiko la makaa, subiri makaa yashike yote na yaanze kuvaa majivu, kwa sababu makaa yanayozidi kuwaka hupandisha joto wakati mikono yako imeshughulika kwingine. Mlango wa chini wa jiko ndio utakaoufunga na kuufungua kurekebisha moto.

Mfuniko wa sufuria uwe karibu nawe, si kabatini. Mafuta yakishika moto, yafunike, uzime jiko kama ni la gesi, na uiache sufuria ilipo; usithubutu kuyamwagia maji. Na kwa kuwa jiko la makaa huwa sakafuni, watoto wakae chumba kingine mpaka mafuta yapoe.

Kukaanga

Tia mboga zote kwenye bakuli pana na uzinyunyizie vijiko 2 vya mezani vya unga mkavu, mchanganyiko ule ule wa ngano na konfloa uliouweka kando. Zigeuze kwa vidole vilivyotanuka mpaka kila njiti ipate vumbi jembamba. Unga huo hunyonya unyevu uliobaki na kulipa rojo mahali pa kushika. Bila huo, rojo huteleza na kubaki chini ya bakuli huku mboga zikiwa uchi. Kisha mimina rojo kidogo kidogo, ukianza na robo tatu tu, na ugeuze kwa wepesi. Simama pale njiti zinapong'aa na kushikana zikiinuliwa kwa kijiko. Rojo likianza kutuama chini ya bakuli, limezidi. Mara nyingi hubaki kidogo ambalo halikutumika, na hakuna ubaya.

Sasa chukua mwiko bapa au upawa, uuchovye kwanza mafutani ili usishike, weka juu yake konzi ndogo ya mboga na uitandaze iwe bapa, unene wa sentimita 1 na nusu, upana wa kiganja cha mtoto. Shusha mwiko mpaka ukingo wake uguse mafuta karibu na ukuta wa sufuria, uuinamishe, na uisukume bajia itelezee ndani kwa kijiko cha pili. Usiitupe kutoka juu, kwa kuwa itatawanyika na mafuta yatakurukia. Njiti chache zitajitenga na kuelea; zirudishe juu ya bajia kwa vijiti wakati rojo lingali bichi, na zitashika.

Kwa sekunde 40 au 50 za mwanzo, usiiguse tena. Pembe zikishaanza kuwa ngumu, chukua kijiti kimoja na uitoboe bajia katikati, matundu matatu au manne yanayopenya hadi chini. Ukiangalia kwa karibu utaona mara moja viputo vikipanda kupitia matundu hayo, mvuke uliokuwa umefungiwa katikati ukipata mlango, na mafuta yakiingia mahali pale pale. Bajia nyingi zinazokauka pembeni na kubaki na kitovu cha unga mbichi zimekosa tundu hili tu. Baada ya dakika 2 igeuze, iache dakika 2 nyingine, kisha uigeuze tena kwa nusu dakika ya mwisho huku ukiongeza moto kidogo, kwa kuwa mafuta ya moto mkali mwishoni hufanya bajia iyaachie mafuta iliyoyabeba.

Sikio litakusaidia kuliko saa. Mwanzoni viputo ni vikubwa na sauti ni nzito, ya maji mengi yanayotoka kwa pamoja. Kadiri maji yanavyokwisha, viputo hupungua ukubwa na sauti hupanda kuwa nyembamba na kavu. Ukiigusa bajia kwa kijiti wakati huo utahisi inakwaruza. Rangi yake ni dhahabu hafifu, wala si ile ya kahawia ya bajia za dengu, na anayesubiri kahawia ataipata, lakini ataipata pamoja na kitunguu kichungu.

Kaanga bajia 2 kwa wakati mmoja, zisizidi nusu ya uso wa mafuta. Nne zikiingia kwa pamoja mafuta hupoa, na hapo kazi yote ya maji baridi na vitambaa inapotea. Kati ya mkupuo na mkupuo, okoa vipande vya unga vinavyoelea kwa kijiko cha matundu kabla havijaungua na kuyatia mafuta uchungu. Usivitupe: ni vitamu juu ya mchuzi au tambi.

Bajia zikitoka, zisimamishe wima juu ya wavu wa waya, zikiegemeana, mafuta yachuruzike kwa ukingo. Kuzilaza juu ya karatasi sahanini ni kuzirudishia mvuke wao wenyewe kutoka chini, na kuzifunika kwa sahani nyingine au kuzitia katika chombo cha kuhifadhi joto ni vibaya zaidi. Chumvi nyunyiza sasa, ikiwa mchuzi hautakuwepo.

Mchuzi wa kuchovya

Mchuzi wa tempura hutengenezwa kwa supu iitwayo dashi, sosi ya soya na mirin, ambayo ni kileo kitamu cha mchele cha kupikia. Kipimo cha kawaida ni sehemu 4 za dashi kwa sehemu 1 ya kila kimoja cha vile viwili. Dashi maarufu hutokana na mwani mkavu na samaki wa kukaushwa kwa moshi, lakini Wajapani wana nyingine ya nyumbani inayotokana na samaki wadogo wakavu waitwao niboshi, waliotolewa vichwa na matumbo. Omena hufanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa. Chukua gramu 20 za omena wakavu waliosafishwa vichwa, matumbo na mchanga, waloweke katika mililita 500 za maji kwa nusu saa, uweke kwenye moto mdogo, na yanapoanza kuchemka acha kwa dakika 5 tu ukiondoa povu, kisha uchuje kwa kitambaa. Ukiwachemsha kwa muda mrefu supu itanuka samaki kupita kiasi.

Pima mililita 200 za supu hiyo, tia mililita 50 za sosi ya soya na vijiko 2 vya chai vya sukari mahali pa mirin, uchemshe mara moja na uepue. Kula ukiwa vuguvugu, pamoja na figili nyeupe iliyokunwa na kukamuliwa kidogo, au tangawizi mbichi ikiwa figili imekosekana. Kila mtu apewe kibakuli chake na achovye mwenyewe, pembe moja tu, anapokaribia kuuma. Ndimu na chumvi pia ni halali kabisa, hata huko Japani, na kwa kakiage ya mahindi mabichi ninaona chumvi inafaa kuliko mchuzi. Kachumbari iwe sahani ya pembeni, isimwagwe juu.

Ukitaka kuifanya mlo kamili, pakua wali wa moto katika bakuli, mchele wa Ahero unafaa, weka kakiage juu, na umwagie vijiko 3 vya mchuzi. Hapo bajia italegea upande wa chini na kubaki kavu juu, na hivyo ndivyo inavyokusudiwa. Vinginevyo iliwe ndani ya dakika 15 tangu kutoka mafutani, ambayo ina maana kwamba mpishi akaange huku wengine wakila, na ashikiwe zamu ili naye aipate ikiwa ya moto.

Zilizobaki zipashe moto kesho yake katika karai kavu lisilo na mafuta, juu ya moto mdogo, dakika 3 kila upande, bila mfuniko. Mafuta uliyotumia yachuje kwa kitambaa yakishapoa, uyaweke kwenye chupa mbali na mwanga, na unaweza kuyakaangia tena mara 2 au 3. Yakianza kutoa povu lisiloisha, kuwa mazito au kutoa moshi mapema, wakati wake umekwisha, na yafungwe katika chupa ya plastiki na kutiwa kwenye takataka, yasimwagwe katika sinki wala mtaroni.